Nyaberi Alibaki Ulaya

Mwaka wa 1971, treni ilipoondoka Muhoroni na kuanza kupanda milima, Rebeccah alijifanya amelala. Kwa kweli alikuwa anasikiliza. Mbele yake Ogeto, aliyesomea kazi ya maziwa huko Denmark, alikuwa anamsimulia mzee Kipkemoi, ambaye alijuana naye asubuhi hiyo tu.

"Mimi na Nyaberi tulipakia baiskeli kwa treni mpaka Ujerumani. Tukashuka, tukaendesha siku nne kando ya mto, mvua inatunyeshea, sisi tunaimba nyimbo za kanisa la kwetu. Mzee, mpaka leo nikisikia treni inapiga honi, miguu yangu inatafuta pedali."

"Na huyo mwenzako yuko wapi?"

"Ameoa huko. Ameniandikia kwamba harudi. Na leo mama yake ananingoja Kipkelion nimpe habari."

"Basi mwambie."

"Nitamwambiaje? Miaka mitano anamtandikia kitanda!"

"Kijana wangu, mama akingoja bure anazeeka mara mbili. Mwambie."

"Hujamwona akiuliza, mzee."

Rebeccah, ambaye mchumba wake alikuwa Uingereza mwaka wa tatu sasa, alifumbua macho akamtazama mzee kwa hasira, kama kwamba ni yeye aliyeoa.

Treni ikasimama Kipkelion, Ogeto akashuka. Mama mmoja mwembamba alikuja mbio, akamkumbatia Ogeto, kisha akabaki akitazama mlango wa behewa nyuma yake, mpaka abiria wa mwisho aliposhuka.