Mwalimu Hajalewa

Gari letu lilikuwa limepita Usa River mama aliyekaa mbele yangu alipomgeukia mzee wa pembeni yake. "Shikamoo baba. Mbona asubuhi hii umeshalewa?"

"Marahaba. Hata mbege sijawahi kuonja," mzee alijibu, akiyaburuta maneno. "Mimi ni mwalimu. Neva zinazoendesha misuli yangu zinakufa. Mkono ulianza kuangusha chaki, sasa ni zamu ya ulimi."

Mama akasema huo ni mkono wa mtu, amerogwa. Wataalamu hawakosekani kwenye gari.

"Ni ugonjwa, mama. Daktari kasema hauponi. Dawa iliyopo inaupunguza mwendo tu, basi nafanya mazoezi na kula vyakula laini."

"Si upumzike nyumbani?"

"Akili haijaguswa. Naandika kwa kushoto, na darasa la saba wananisikiliza kuliko zamani, maana wakipiga kelele hawanielewi."

Gari likasimama Kikatiti. Konda akamnyooshea mkono, mzee akaukataa, akashuka polepole huku sote tukimsubiri.

"Lakini uombewe, baba," mama alisema dirishani.

"Niombee, mwanangu. Ila niombee nikiwa kazini."