Mtutu Uliosuguliwa Kupita Kiasi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kitambaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila kitambaa chenye mafuta begani.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi saa, akasoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1972 akaajiriwa kwenye karakana ya klabu ya kulenga shabaha, akatunza bunduki ndogo za mashindano hadi alipostaafu. Juni 1976 alimwoa mama yetu, mshonaji, kwa sharti kwamba mafuta ya bunduki yasifike meza ya chakula, sharti alilolivunja kila Jumapili, wakajaliwa watoto watatu, na kitinda mimba, dada yetu, akawa mlenga shabaha.

Jioni ya kuamkia mchujo wa timu ya taifa, Agosti 2004, baba, kwa furaha tu, alisugua mtutu wa bunduki ya binti yake mpaka ukang'aa, ingawa miaka yote aliwafundisha wengine kwamba mitutu hiyo husafishwa kwa kiasi, maana ukiondoa utando wote ulioachwa na risasi, risasi za mwanzo hutangatanga. Alikumbuka somo hilo kesho yake, alipoona tundu la kwanza kwenye shabaha liko pembeni, na dada akakosa nafasi kwa pointi moja. Alimfuata mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, si mkono wako, ni mimi," naye akajibu, "Nilijua tangu risasi ya pili, Baba, twende nyumbani tukale." Upole huo ulimchoma kuliko matusi, hasa jicho la dada lilipofifia mwaka uliofuata, akawa hana mchujo mwingine, na baba hakuishika tena bunduki ile.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Mwezi uliopita dada alimwekea mkononi komeo la bunduki ile, kile chuma kinachofungia risasi ndani ya mtutu, akasema, "Nisafishie, wengine wanaacha masizi," naye baba akalifuta taratibu, machozi yakimtoka, akasema, "Mtutu uache ulivyo." Alifariki tarehe 3 mwezi huu, alfajiri, dada akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti kabla hatujaomba, na wenzake wa karakana, waliojua huzuni yake wasimtanie. Dada alimwambia mara nyingi kwamba hana kinyongo, naye hakuamini.

Pumzika sasa, Baba, kwa amani uliyojinyima mwenyewe.