Bwana Saa Sita, Mlinzi wa Lango la Bwawa

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941. Hapana, mnisamehe, 1941 ndio mwaka niliozaliwa mimi. Yeye ni 1938, maana ndiye aliyenibeba mgongoni. Alikuwa kifungua mimba wa fundi mwashi na mama mshona nguo. Baba yetu alikuwa mmoja wa waliojenga ukuta ule wa bwawa mnaouona hapo juu.

Alisoma hapa hapa mjini hadi darasa la sita. Hesabu alizipenda, kuimba hakuweza kabisa.

Kwa wageni, niwaeleze kidogo. Mji wetu umekaa chini ya bwawa. Kulia kwa ukuta, bondeni, zilikuwapo ofisi za wilaya, mahakama na posta. Shule iko katikati, penye mwinuko. Kushoto, ng'ambo ya mkondo, ndiko mtaa wa chini, wanakoishi watu wengi. Mkondo huo kwa kawaida ni mkavu, na watoto huukatiza kwenda nyumbani. Lango la bwawa likifunguliwa, unajaa mara moja.

Mwaka 1959 aliajiriwa kulinda lango hilo. Kibandani kwake juu ya ukuta kulikuwa na simu na kipande cha reli kilichoning'inizwa. Alikigonga kila alipotaka kufungua lango, watu watoke mkondoni. Baadaye saa ya posta ilipoharibika, watu wakamwomba agonge na saa sita mchana. Basi mji ukaishi kwa chuma kile. Siku moja alishikwa na homa akachelewa, na mwokaji mikate akapanda mpaka ukutani na mkate mweusi mkononi. "Bwana Saa Sita," akamwambia, "leo umetuokea mkaa." Jina likaganda.

Tarehe 7 Septemba 1963 alimwoa shemeji yangu, huyu aliyekaa mbele yenu. Walijaliwa watoto wanne.

Sasa nafika pale nilipoombwa nisifike. Lakini kila aliyekuja hapa analifikiria hilo hilo, kwa hiyo nalisema.

Tarehe 17 Aprili 1984 mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nyingi, na maji yalikuwa yamefika mdomoni mwa ukuta. Mchana ulipokaribia, kaka aligonga chuma ili afungue lango. Mwalimu akasikia, akadhani ni saa sita, akawaachia watoto. Simlaumu. Hata mimi nilinawa mikono nikae nile. Kaka akashika usukani wa lango, akatazama chini, akaona sare za shule zinateremka mkondoni.

Simu ikalia. Alikuwa kitindamimba wetu, karani wa ofisi ya wilaya. Shemeji alikuwa kibandani, amepeleka chakula, na ndiye aliyenisimulia.

"Kaka, mkubwa anasema fungua sasa hivi. Ukuta upande wetu unavuja."

"Kuna watoto mkondoni."

"Anasema ni amri."

"Mwambie aje azungushe yeye. Na wewe watoe watu humo, utoke."

"Nikitoka, simu atashika nani?"

Shemeji aliliacha bakuli chini akakimbilia mkondoni. Watoto walimcheka. "Mke wa Saa Sita leo kachelewesha chakula," wakasema, na kuzidi kuteremka. Akampiga kofi yule mkubwa wao, akambeba mdogo, na wengine wakamfuata kurudi juu shuleni, wakilia. Muda wote huo kaka alikuwa na mikono miwili kwenye usukani, hakuuzungusha, na maji yakimpita miguuni.

Simu ikalia tena, watoto wa mwisho wakiwa bado mkondoni. Shemeji alitazama juu akamwona kaka ameinua mkonga, ameuweka sikioni, anasikiliza. Hakumwona akifungua mdomo. Kisha ukuta upande wa kulia ukaachia.

Wafanyakazi wote wa ofisi walikuwa wameshatoka, kitindamimba wetu ndiye aliyewatoa. Yeye mwenyewe tulimpata maji yalipopungua.

Mwaka uliofuata makao ya wilaya yalihamishiwa mji wa njia panda. Mahakama ikaenda, benki ikaenda, na vijana wakafuata. Sensa ya kabla ya mafuriko ilitukuta watu zaidi ya elfu sita, leo hatufiki nusu. Wapo waliosema Saa Sita ameua mji, na baadhi yao wamesimama pale nyuma leo. Mmoja alimwambia hivyo kwa kinyozi, akiwa amenyolewa nusu kichwa. Kaka alisubiri mpaka akamalizwa kunyolewa, akamshukuru kinyozi, akaenda zake. Chuma hakukigonga tena. Na waliobeba jeneza lake asubuhi hii ni watoto wale wa mkondoni, wana mvi sasa.

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 2016. Mwaka jana kiharusi kikamnyang'anya sauti. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 mwezi huu, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mimi mdogo wake. Mungu ampe usingizi usio na kengele.

Kaka, nilikuuliza ukiwa na sauti, ukawa unaitazama mikono yako. Nilikuuliza huna sauti, ukafumba macho. Shemeji hajui, na mwingine wa kumuuliza hayupo. Ile simu ya pili, mdogo wetu alikuambia ufungue, au alikuambia usubiri?