Flashi Nyekundu ya Spana

— Hiyo kompyuta imelogwa, Spana, acha ubishi!

— Nani ahangaike kuloga kompyuta ya kuchapia barua, mzee? Kuna mtu anaiendesha akiwa mbali. Mshale umetembea wenyewe, nimeuona kwa macho yangu!

Walikuwa kwenye benchi la kahawa, Sombetini, mbele ya stesheneri ya Mama Aikande. Mimi nachapa barua za watu humo tangu nilipoachia shule kidato cha pili. Aliyesema uchawi ni Mzee Yona, tunamwita Hakimu. Spana ni Lerionka wa bodaboda. Wiki hiyo kompyuta ilikuwa imesafishwa mara mbili, na mara zote mbili ugonjwa ukarudi. Mama Aikande aliamini nafungua mambo ya ajabu mtandaoni. Ikirudi tena, alisema, nifungashe nirudi kwetu Nkoaranga. Asubuhi hiyo ikarudi. Nilitoka nje nisilie mbele ya wateja.

— Iwekeni juani, akasema Hakimu. Kunguni tunawaua hivyo hivyo.

— Itaungua! Hii ni satelaiti, mzee. Ikipita juu ya Mlima Meru saa nne, inashuka kidogo, inaingia.

— Basi ifunikwe bati.

— Bati si ndiyo linaivuta!

Dada mmoja mwenye begi la kompyuta, Kandida, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akisubiri kuchapiwa ripoti.

— Shikamoo, mzee. Samahani, jamani. Ikishasafishwa, kitu cha kwanza mnachochomeka huwa nini?

Hakimu alitazama kikombe chake. Spana alifunika funguo za pikipiki kwa kiganja, lakini wote tuliiona flashi nyekundu ikining'inia. Kila asubuhi namwekea Spana humo nyimbo za redio ya pikipiki. Hakimu huiazima kwa ajili ya kwaya. Kijiwe kizima kinaitumia.

— Kuna wimbo uligoma kuimba, nikasema. Spana akaniambia nibofye tena. Nikabofya.

— Huo si wimbo, akasema Kandida. Ni programu iliyojifanya wimbo. Ukiibofya inafungua njia ya siri, mtu wa mbali anaingia bila kuhitaji nywila.

— Si nilisema! Mtu wa mbali!

— Ulisema satelaiti, mwongo wewe.

Kandida alikata intaneti kwanza. Alinakili barua tu, akafuta kila kitu, akaweka Windows upya na kinga mpya ya virusi, kisha akazikagua barua kabla ya kuzirudisha. Mama Aikande akabadilisha nywila zake kwa kutumia simu. Mwisho ikafutwa flashi.

— Hata nyimbo za kwaya? akauliza Hakimu.

— Hata za kwaya, mzee.

Spana alishika kichwa kama aliyefiwa.

Hadi saa tisa mshale ulikuwa umetulia, hautembei mpaka uusogeze. Nilikuwa bado benchini, kikombe kimepoa mkononi, Mama Aikande alipojitokeza mlangoni. Nikasimama.

— Nalepo, wateja wamejaa humu, wewe umekaa na wazee. Njoo uchape. Na huyo Spana aishie hapo hapo benchini.