Kinga ya Mbele

Dotto: Haloo, naongea na nani?

Lightness: Dotto?

Dotto: Ndiyo. Namba siijui, nani mwenzangu?

Lightness: Lightness. Shemeji yako, wa Msowero. Usikate.

Dotto: Sikati. Shemeji... mama mzima?

Lightness: Mzima. Anakohoa, lakini mzima. Namba yako amenipa yeye, ameiandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Ulivyosema haloo, moyo umenipasuka. Sauti ni ileile ya Kulwa.

Dotto: Najua. Mapacha ndio tulivyo. Ndiyo maana nilikuwa sipigi.

Lightness: Ndiyo maana?

Dotto: Shemeji, mimi—

Lightness: Acha. Sikupiga kwa hayo. Niko Kilosa mjini, dukani kwa huyu Ashrafu anayeuza chenso. Simu ni yake, yangu imezima chaji, na salio lake si la kukaa tunaulizana hali. Niambie ninunue mashine ipi.

Dotto: Mashine ya nini?

Lightness: Ya kukatia kuni. Mkambala. Mkavu.

[mtandao unakwaruza]

Dotto: Umesema mkambala, ule mti mgumu kama chuma?

Lightness: Mkambala, ndiyo. Magogo matatu, manene kuliko pipa.

Dotto: Mmeyatoa wapi hayo?

Lightness: Mafuriko. Maji ya Aprili yalibeba nyumba yote, yakatuachia magogo shambani. Ndiyo fidia yetu. Sasa sikiliza, maana nikieleza mara mbili salio litaisha. Tumefyatua tofali elfu nane. Mimi na mama yako, kwa mikono hii. Tanuru tumeliwasha jana alfajiri—

Dotto: Limeshawashwa?

Lightness: Linawaka ninavyoongea. Simoni, yule jirani wa ng'ambo ya mfereji, alisema atatukatia kuni kwa mashine yake, basi tukawasha kwa imani. Leo asubuhi mashine imetoa moshi, ikafa. Palepale. Shoka ukilipiga kwenye ule mkambala linadunda, linakurudia. Vijana wawili wamejaribu, wamevunja mpini wakaenda zao.

Dotto: Kuni zilizopo zinafika saa ngapi?

Lightness: Saa kumi. Tukibania sana, saa kumi na moja.

Dotto: Na sasa hivi ni saa sita.

Lightness: Saa ninayo, Dotto. Sijapiga uniambie saa.

Dotto: Moto ukilala katikati—

Lightness: Zinabaki mbichi ndani. Mvua moja tu, tunakanyaga uji. Na mawingu yameshakaa kule milimani tangu asubuhi. Mama analala kwenye stoo ya kanisa, juu ya magunia, miezi saba sasa. Mchungaji ameshasema kwa upole mara mbili kwamba stoo inahitajika. Ya tatu haitakuwa ya upole. Mimi nimechoka, shemeji. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Dotto: Pole.

Lightness: Pole haikati kuni. Niambie mashine.

Dotto: Haya. Haya. Una hela ya kutosha?

Lightness: Nimeuza ng'ombe, lile dume jekundu.

Dotto: Lile la Kulwa?

Lightness: Kulikuwa na jingine?

Dotto: Sawa. Ana mashine ngapi hapo?

Lightness: Mpya ziko mbili. Moja nyekundu, ina ule ubao wa chuma mrefu, baa wanaiita. Inchi ishirini na nne, anasema. Nyingine ya kijani, baa fupi, kumi na nane. Ashrafu anasema nichukue ndefu, ndiyo dawa ya magogo manene. Na tena ni ya bei ya chini.

Dotto: Ashrafu kakata kuni gani zaidi ya za kuchomea mishikaki?

Lightness: Anakusikia, nimeweka sauti kubwa. Amecheka.

Dotto: Acheke. Angalia ubavuni, pale pameandikwa injini. Namba ngapi?

Lightness: Ngoja... nyekundu arobaini na tano. Kijani sitini na mbili.

Dotto: Umeona? Nyekundu wameipa panga refu na kifua kidogo. Kwenye mti laini itakufurahisha. Kwenye mkambala itazama, itakwama, utaivuta, itaungua. Itakufa kabla ya gogo la kwanza kuisha. Chukua kijani. Baa ikiwa fupi, gogo unalikata upande huu, unazunguka, unamalizia upande ule.

Lightness: Ya kijani inakula hela yote. Nitabaki na nauli tu.

Dotto: Mwambie akupunguzie, halafu akupe cheni ya ziada na tupa ya duara. Mkambala unakula meno. Kila ukimaliza tangi la petroli, unanoa. Usiache, hata ukiona bado inakata.

Lightness: Anasema tupa atanipa, cheni ninunue. Ashrafu, mimi nakuomba... Haya, amekubali. Amekubali kwa kununa, lakini amekubali.

Dotto: Sasa aiwashe. Sogeza simu niisikie.

Lightness: Ngoja. Ashrafu, washa ya kijani.

[mngurumo wa mashine, unapanda, unashuka, unapanda]

Lightness: Umesikia? Dotto? Inaendaje? Inaenda vizuri au—

Dotto: Izime.

Lightness: Mbona hujasikiliza hata—

Dotto: Nimesikia. Ni nzima. Aizime, tafadhali.

[mashine inazimwa]

Lightness: Unalia?

Dotto: Hapana. Niko barabarani hapa, naziba pancha za malori. Vumbi tu. Sijaisikia hiyo sauti tangu... Basi. Nani ataishika?

Lightness: Mimi.

Dotto: Wewe huwezi.

Lightness: Nani basi? Simoni ameteguka bega akivuta kamba ya mashine yake ilipokufa. Vijana wamekimbia. Amebaki mama, ana miaka sitini na tisa, nimpe yeye? Mimi ndiye nitaishika, mguu mbele, mguu nyuma, kama nilivyokuwa nawaona ninyi wawili mkikata.

Dotto: Sikuwa nacheza pale, shemeji. Ile kitu—

Lightness: Basi nifundishe. Haraka.

Dotto: Sikiliza. Hapo mbele ya kishikio cha juu, kuna kitu cha plastiki kimesimama, kama kiganja. Kinakinga mkono wako wa kushoto. Umekiona?

Lightness: Nimekiona.

Dotto: Hiyo kinga ndiyo breki. Mashine ikigonga vibaya kwa ncha, inaruka, inakurudia usoni. Ikiruka, mkono wako unaisukuma hiyo kinga na cheni inasimama hapohapo. Isukume mbele, sasa hivi, nisikie.

Lightness: Ngoja... imelia tak.

Dotto: Ndiyo hiyo. Kila unapoiwasha, jaribu kwanza. Kila mara.

Lightness: Hii? Ashrafu anasema hii wakataji wote wanaifungua. Anasema inagonga gonga kwenye gogo, inachosha mkono. Ameshashika spana, atanifungulia bure ili—

Dotto: Asiiguse!

Lightness: Mbona unapiga kelele?

Dotto: Mwambie aweke spana chini. Mwambie sasa hivi, shemeji, nisikie anaiweka.

Lightness: Ashrafu, weka chini. Ameweka. Ameshtuka maskini ya Mungu. Dotto, kuna nini?

Dotto: Usikubali mtu yeyote aifungue. Yeyote. Hata akikuambia yeye ni fundi, hata akiwa ndugu yako.

[mtandao unakwaruza]

Lightness: Ile ya kwenu haikuwa nayo.

Dotto: Haloo? Mtandao—

Lightness: Mtandao uko vizuri. Ile mashine yenu haikuwa na hii kitu. Walipoirudisha nyumbani siku ile ya ajali, mimi ndiye niliyeiosha. Niliiosha damu yote kwa maji ya moto. Hapa mbele palikuwa na matundu mawili ya skrubu, matupu. Nikajua zinatengenezwa hivyo.

Dotto: Hazitengenezwi hivyo.

Lightness: Nani aliifungua?

(Kimya.)

Lightness: Dotto. Nani aliifungua?

Dotto: Mimi. Unanisikia?

Lightness: Nakusikia.

Dotto: Mimi natumia kushoto, unajua. Ilikuwa inanibana. Mashine ilikuwa moja, zamu yangu asubuhi, zamu yake mchana. Nikaifungua Jumatatu. Kulwa akaiona. Akaniambia, irudishe hiyo, Dotto. Nikamwambia, kesho.

Lightness: Na kesho yake?

Dotto: Kesho yake ndiyo hiyo siku.

Lightness: Walisema alikuwa amelewa.

Dotto: Wakasema.

Lightness: Msibani. Mzee wa kanisa alisimama mbele ya jeneza akawaonya vijana juu ya pombe. Na wewe ulikuwepo. Ulikaa kwenye benchi la mbele, pembeni ya mama.

Dotto: Nilikuwepo.

Lightness: Alikuwa amekunywa?

Dotto: Chai. Chai ya rangi na kiporo cha ugali. Tulikula wote kwenye sufuria moja. Hakugusa kitu kingine siku ile, shemeji, naapa mbele za Mungu. Watu walipoanza kusema pombe, nikanyamaza. Nikadhani nitasema baada ya maziko. Baada ya maziko nikashindwa kumwangalia mama machoni, nikapanda lori.

Lightness: Miaka miwili mama yako anapiga magoti kila Jumapili anamwombea msamaha mlevi. Mlevi, Dotto. Mwanawe ambaye hakunywa. Na mimi... mimi nimelala peke yangu nikimlaani. Usiku kucha namwambia, ulipenda chupa kuliko sisi. Namwambia marehemu.

Dotto: Nisamehe.

Lightness: Siwezi.

Dotto: Sawa.

Lightness: Siwezi, na leo hata nafasi ya kukuchukia sina. Tanuru linakula kuni. Hapa nilipo mikono inatetemeka, Ashrafu ananiletea kiti, sitaki kiti. Nikikaa chini siinuki tena.

Dotto: Shemeji, usiishike hiyo mashine ukiwa hivyo. Nakuomba. Mkono unaotetemeka—

Lightness: Nani ataishika, nimekuuliza toka mwanzo, nani?

Dotto: Nakuja.

Lightness: Unakuja wapi.

Dotto: Kuna mtu hapa ana pikipiki nzima. Nikitoka Mikumi sasa hivi, saa nane nimepita Kilosa, saa tisa na kitu niko Msowero. Wewe tangulia na mashine. Mpe Simoni achanganye petroli na oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, asikisie. Msiiwashe mpaka nifike.

Lightness: Hujashika chenso miaka miwili. Umelia kwa kuisikia kwenye simu tu.

Dotto: Nitalia nikiwa nakata.

[mlio mfupi kwenye simu]

Lightness: Salio linaisha. Ashrafu, dakika moja tu, baba... Dotto, sikiliza. Ukija, usinitafute mimi. Mimi nitakuwa kwenye magogo. Nenda kwanza tanuruni. Mama yuko pale kwenye mdomo wa katikati, ndiye anayelisha moto, haondoki. Mwambie.

Dotto: Leo?

Lightness: Leo. Hapohapo, akiwa na kuni mkononi. Kabla hujamwambia, mashine sikupi.

Dotto: Shemeji, saa kumi ikifika na kuni hakuna, zile tofali—

Lightness: Tofali ni zangu. Najua ninachosema.

[mtandao unakwaruza]

Dotto: Nitaanzia wapi? Mbele ya yule mama nitaanzia wapi mimi?

Lightness: Mwamkie. Halafu anza na chai. Mwambie asubuhi ile mwanawe alikunywa chai, mengine yatakuja yenye—

[simu inakatika]

Dotto: Haloo? Shemeji? Haloo...

(Peke yake, anajizoeza.)

Dotto: Shikamoo mama.

[pikipiki inawashwa]

Dotto: Mama, asubuhi ile Kulwa alikunywa chai.