Ugomvi wa Tumbo la Fundi

"Mionzi inaua kwanza seli mama, zile zinazozaa ngozi ya utumbo," alisema daktari kwenye kiti cha mbele cha basi.

"Acha ubishi, kaka! Vinaanza kufa vishipa vya damu, utumbo unafuata kwa njaa," alijibu mtafiti aliyeketi naye.

Nyuma yao fundi cherehani alitega sikio. Mionzi ilimponya saratani, ikamwachia tumbo la kuendesha mwaka mzima. Choo cha kila kituo alikijua kama mlango wa kwake. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, lakini leo nyasi zilishukuru: kumbe kuna wasomi wanaokosana kwa ajili ya tumbo lake!

Basi likafika mwisho wa njia. Kwa kunogewa na ubishi, safari nzima fundi hakushuka hata mara moja kukimbilia choo.

"Bishaneni tu, wanangu," aliwaambia. "Mimi leo nimefika."