Mwalimu Aliyeketi Chini na Mujukuu Wangu

Wababa, wamama, na ninyi wote munaoanza mafunzo haya leo, nawasalimia. Wameniomba niseme kidogo. Mimi kidogo sikiwezi, mutanivumilia. Shule niliiacha darasa la pili, lakini mudomo haukuacha kitu.

Nina mujukuu, musichana, mimi ni koko yake, bibi yake. Jina lake silisemi, ni lake. Baba yake alikufa mutoto angali mugongoni. Mama yake ni binti yangu, na mutoto huyo alikuwa na maneno, ndugu zangu, nawaambia. Akiamka, kuku wanamupisha. Anauliza jua linalala kwa nani. Anauliza kwa nini mbuzi haivai viatu. Binti yangu alikuwa anacheka, anamwambia, "Wewe utaolewa na redio."

Halafu vita ikatutoa kwetu, upande wa Rutshuru. Njia ilijaa watu. Mimi nilitangulia na godoro kichwani, binti yangu akabaki nyuma kidogo na mutoto. Nilifika Kibati, nikasimama kando ya barabara, nikawa naangalia kila uso unaopita. Jioni jirani yetu mumoja akaniletea mutoto, amemushika mukono. Alimukuta nyuma ya ukuta wa mawe, ameketi peke yake. Mama yake tangu siku ile hatujamuona. Hatukuzika, hatukupata habari.

Na mutoto hakusema tena. Kule kambini, Kanyaruchinya, chini ya shitingi ya plastiki, alikuwa analia bila sauti. Machozi yanashuka tu, kama bidoni ya maji iliyotoboka. Watu hawana huruma siku zote. Mama mumoja wa hema ya jirani akaniambia, "Koko, mujukuu wako ana dharau. Namusalimia ananitazama tu." Nikamujibu, "Salimia mawe, mama, hapa yako mengi."

Tulipohamia mutaa wa Katoyi nilimupeleka kwa muganga wa hospitali. Akaangalia koo, akasema koo ni nzima. Ndipo baba yake mukubwa, ndugu wa marehemu baba yake, akaja. Ni mutu wa kuheshimiwa, na upande wa baba ndio wenye neno, munajua. Akasema, "Huyu ana pepo bubu. Mwezi ukiisha namuchukua, namupeleka kwenye chumba cha maombi. Watamufungisha chakula mpaka aseme."

Mimi ninasali, munanijua. Lakini mutoto mwenyewe alikuwa mifupa. Umufungishe nini tena? Nilimupa kiti na chai, nikaanza kuhesabu siku.

Mwezi ulikuwa katikati wakati yule mama anayewafundisha hapa alipofika mulangoni kwangu. Akasema kuna walimu na wauguzi wanajifunza kusaidia watoto kwa michezo, na kila mumoja anahitaji mutoto wa kufanya naye kazi, kama mulezi anakubali. Nikamuuliza, "Michezo? Mutoto hana mama na ninyi munataka acheze?"

Akasema, "Koko, wewe ukiwa na uchungu unaenda wapi?"

"Kwa shoga yangu, kisimani. Tunaongea."

"Yeye bado hana maneno ya uchungu huo. Tumupe vitu vya kushika, tuone mikono yake itasema nini."

Nilikubali. Kuamini sikuamini. Nilikubali kwa sababu mwezi ulikuwa unakwisha.

Basi siku ya kwanza tunaingia hapa ukumbini, naona ni nani amepewa mujukuu wangu. Mwalimu wa shule ya hapo juu. Huyo akifundisha, wauza makaa wa barabarani wanajifunza pia, sauti yake inavuka ukuta. Suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Wakatandika mukeka. Kulikuwa na watoto wa vitambaa, sufuria ndogo, chukudu ndogo, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, gari la kopo la sardini, na mawe yetu meusi. Mwalimu akachuchumaa kama anaogopa kukalia yai. Mutoto akagusa lile gari. Mwalimu akauliza, "Hili gari ni rangi gani? Lina magurudumu mangapi? Hesabu." Mutoto akageuka, akaangalia ukuta hadi mwisho.

Baadaye mama anayefundisha akamwambia, "Mwalimu, hapa hakuna mutihani. Sema unachoona, na umufuate. Yeye ndiye anajua njia."

Mwalimu akafuta jasho. "Mama, mimi kuuliza ndiyo kazi yangu." Walezi wote kwenye benchi tukacheka, naye akacheka. Siku iliyofuata alikuja akaketi chini kabisa.

Toka hapo alikuwa anasema polepole, kama mutu anayetangaza mupira huku anaogopa kumuamsha mugonjwa. "Umeweka jiwe. Umeweka lingine. Limeanguka, umelirudisha." Na mutoto kila tukija anafanya kitu kimoja. Anajenga ukuta wa mawe. Anaweka mutoto wa kitambaa mudogo nyuma yake. Yule wa kitambaa mukubwa anamupeleka mbali, chini ya benchi letu, anamuacha huko. Basi. Kesho tena. Mimi mudomo uliniwasha. Nilitaka kusimama niseme, "Mama yako atarudi," au niseme, "Mama yako harudi," chochote. Walezi tulikuwa tumekatazwa kusema. Niliuma pindo la kikwembe nilichovaa.

Siku moja mujukuu wangu akamupa mwalimu yule mudogo wa kitambaa, akamufunga vidole juu yake. Mwalimu akalala kwa tumbo nyuma ya mawe, na suruali ile. Akauliza chini chini, "Huyu mutoto aseme nini?"

Mujukuu wangu akainama kwenye sikio lake. Sauti ilitoka kama mulango uliofungwa siku nyingi.

"Asiseme. Mama amesema asitoe sauti mpaka arudi."

Ndugu zangu. Mutoto alikuwa anatii. Kule kambini, kwa muganga, mbele ya wanaomutukana, alikuwa anamutii mama yake.

Mwalimu ana maneno mengi, amesoma. Hakutumia hata moja kumufundisha. Alisema tu, "Sawa. Ananyamaza. Anangoja." Akabaki pale, shavu kwenye mukeka.

Mutoto akatambaa mpaka chini ya benchi, akamuchukua yule mukubwa. Akamutembeza polepole, akapita juu ya vidole vya miguu yangu, akafika kwenye mawe. Akaondoa jiwe moja moja. Akasema, "Nimerudi. Toka. Sasa unaweza kusema."

"Aseme nini?" mwalimu akauliza.

Akafikiri. "Aseme ana njaa."

Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mama, nina njaa." Na mujukuu wangu akaweka sufuria ndogo juu ya mawe, kama motoni, akamupikia.

Mwezi ulipoisha, baba mukubwa alikuja. Mutoto alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mulangoni. Akamuangalia, akamwambia, "Baba mukubwa, karibu. Mimi siendi. Na viatu vyako viko na matope." Muzee akavua viatu, akaingia, akala. Habari ya kumuchukua hajairudia.

Siwadanganyi kwamba imekwisha. Kishindo kikubwa bado kinamufunga mudomo siku nzima. Ananiuliza mama yake yuko wapi, namwambia sijui, na tunakaa pamoja kwenye hiyo sijui.

Namushukuru mama anayefundisha, aliyenikalisha kwenye benchi. Namushukuru jirani aliyemutoa nyuma ya ukuta. Mwalimu, ile suruali niliifua mwenyewe na bado unanidai shukrani zaidi, maana siwezi kukulipa. Ninyi munaoanza leo, kwetu mukubwa kucheza chini na mutoto wanasema anapoteza heshima. Muketi hata hivyo. Mukiketi, munyamaze kidogo, kuna mutoto amejenga ukuta na anataka mutu wa kukaa naye nyuma yake.

Nimalize. Yuko pale nje na wenzake, na namusikia ananiita tangu saa ile. Acheni niende nikaitike.